Jinsi Wavuti Ilivyojifunza Kusoma Bei

Mnunuzi wa Mwanza akiona picha ya redio kwenye duka la mtandaoni, na chini yake pameandikwa 45,000/=, hahitaji maelezo zaidi. Anajua hiyo ni bei, anajua ni shilingi ya Tanzania, na anajua inauzwa redio, si meza iliyowekewa redio. Kompyuta haijui hata moja kati ya hayo. Kwake hizo ni tarakimu tano, mkato na alama mbili. Huenda ni bei, huenda ni namba ya modeli, huenda ni idadi ya waliotazama ukurasa. Hata ikibahatisha kwamba ni bei, inabaki na swali la shilingi: ya Kenya, ya Uganda au ya Tanzania? Elfu arobaini na tano ya Kenya si pesa sawa na elfu arobaini na tano ya Uganda, wala haikaribiani nayo.

Kulitatua jambo hili kulichukua zaidi ya miaka 20 tangu wavuti ianze. Kazi hiyo ilipita mikononi mwa wahandisi wa maduka ya vyakula, watafiti wa vyuo, vijana wa kujitolea na hatimaye kampuni kubwa za utafutaji. Walipoanza, wengi walidhani ugumu ungekuwa kwenye kompyuta. Waliposhika kazi wakakuta ugumu uko kwenye biashara yenyewe: nani anauza, anauza nini hasa, na bei ni mali ya nani?

Namba kabla ya wavuti, 1949–1977

Maduka ya Marekani ndiyo yaliyoanza kuitafutia mashine njia ya kutambua bidhaa. Mwaka 1949 Norman Joseph Woodland na Bernard Silver waliomba hataza ya mfumo wa alama ambazo mashine ingeweza kuzisoma; walipewa mwaka 1952. Woodland alikuwa amesoma alama za Morse tangu utotoni, na alisimulia kwamba wazo lilimjia ufukweni Miami, alipochora nukta na mistari mchangani kisha akaivuta chini kwa vidole ikawa michirizi. Wazo lilikuwa zuri lakini lilikuja mapema mno. Miale ya leza haikuwapo, na kompyuta zilikuwa ghali na kubwa kama chumba.

Shinikizo lilitoka kwa wauza vyakula. Faida yao kwa kila bidhaa ilikuwa ndogo, na mishahara ya watu wa kubandika bei na kupiga hesabu kaunta iliimeza. Mwaka 1973 kamati ya wenye viwanda na wenye maduka ilichagua muundo mmoja, uliosanifiwa na George Laurer wa IBM. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley ilipitishwa kaunta na mashine ikaisoma. Bei yake ilikuwa senti 67.

Hapa pana jambo ambalo litarudi baadaye katika historia hii, na wengi hulipita. Zile senti 67 hazikuwamo ndani ya michirizi. Bakodi ilibeba namba tu, na namba ilisema ubani huu ni upi. Bei ilikuwa imekaa kwenye kompyuta ya duka. Duka jingine lingeweza kuuza pakiti ileile kwa senti 70, na leo kupunguza bei, na kesho kuipandisha, bila mtu kugusa pakiti. Waliobuni mfumo ule walitenganisha kitu na biashara ya kitu, kwa sababu kaunta haiwezi kufanya kazi kwa namna nyingine.

Mwaka 1977 nchi 12 za Ulaya ziliunda chama chao mjini Brussels na kuongeza tarakimu, namba ikawa na tarakimu 13. Chama hicho na cha Marekani baadaye vikaungana kuwa GS1, jina linalotumika tangu 2005. Kenya ilipewa namba za mwanzo 616, Tanzania 620. Tarakimu hizo huonyesha mahali kampuni ilikosajili namba zake. Hazionyeshi bidhaa ilikotengenezwa, ingawa wanunuzi wengi huzisoma hivyo.

Ukurasa usiojua unachouza, 1991–2000

Tim Berners-Lee alipotengeneza wavuti katika maabara ya CERN, pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wateja wake walikuwa wanafizikia wenye ripoti za kupeana. Orodha ya kwanza ya tagi za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, iliyowekwa hadharani mwaka 1991, ilikuwa na tagi 18 hivi: kichwa cha habari, aya, orodha, anwani, kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Tagi ya bei haikuwamo, na hakukuwa na sababu iwepo. Hakuna aliyekuwa anauza kitu.

Biashara ikaja haraka kuliko walivyotarajia. Agosti 1994 duka dogo la NetMarket, huko New Hampshire, liliuza diski ya muziki ya Sting kwa dola 12.48, na namba ya kadi ya mnunuzi ikasafiri mtandaoni ikiwa imefichwa kwa msimbo. Mwaka uliofuata Amazon ilifungua milango, na eBay ikaanza ikiwa na jina la AuctionWeb. Kila duka lilijenga kurasa zake lilivyopenda. Mmoja aliweka bei kwenye jedwali, mwingine aliiandika kwa herufi nzito nyekundu, mwingine aliichora ndani ya picha kabisa.

Mwaka uleule wa 1995 kampuni ya Andersen Consulting ilitoa programu iliyoitwa BargainFinder. Ulitaja diski ya muziki, nayo ikazunguka kwenye maduka kadhaa ya mtandaoni na kukuletea bei za kila duka. Ilifanya hivyo kwa kuzikwangua kurasa: mtu aliielekeza kwamba duka fulani huweka bei baada ya neno fulani, katika mstari fulani. Duka likibadilisha sura ya ukurasa wake, programu ilipotea. Baadhi ya maduka yaliifungia mlango kwa makusudi, kwa kuwa hayakutaka kushindanishwa kwa bei tupu. Udhaifu huo uliziandama programu zote za kulinganisha bei zilizofuata, na ndio uliowafanya watu waanze kuota muundo sanifu.

XML ilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Februari 1998, wengi waliona dawa imepatikana. XML ilimruhusu kila mtu kubuni tagi zake. Na kila mtu akabuni. Makampuni ya elektroniki yaliunda RosettaNet mwaka 1998. Kampuni ya Ariba ikatoa cXML mwaka 1999. Wajerumani wakatoa BMEcat mwaka huohuo kwa ajili ya katalogi za kampuni kwa kampuni. Kazi hizi zilikuwa na manufaa makubwa, na baadhi zingali zinatumika. Lakini zote zilipita nyuma ya pazia, kati ya kompyuta ya kiwanda na kompyuta ya mnunuzi wa jumla waliokwisha kufunga mkataba. Ukurasa wa dukani, ule unaoonwa na mtu yeyote, ulibaki bubu kama mwaka 1991.

Ndoto ya wavuti yenye maana, 1997–2004

Ramanathan Guha alitumia miaka yake ya mwanzo kwenye mradi wa Cyc huko Texas, uliojaribu kuiandikia kompyuta maarifa ya kawaida ambayo kila mtu mzima anayo. Kisha akaenda Apple, ambako alibuni namna ya kueleza yaliyomo kwenye kurasa, na mwaka 1997 akahamia Netscape. Huko, pamoja na Tim Bray, wazo lake liliandikwa upya kwa XML, na likawa mojawapo ya mizizi ya RDF, mfumo ambao W3C iliupitisha Februari 1999.

RDF inasema kila jambo kwa sentensi fupi ya sehemu tatu: kitu, sifa yake, na thamani ya sifa hiyo. Redio hii – rangi yake – nyeusi. Mei 2001 Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila waliandika katika jarida la Scientific American kuhusu wavuti ambayo programu zingetembea ndani yake zikipanga miadi ya daktari kwa niaba ya watu. Makala hiyo ilisomwa sana na ilizaa miradi mingi ya utafiti.

Maduka hayakuitikia. Maandishi ya RDF ya wakati ule yalikuwa magumu hata kwa mafundi, na yalipaswa kukaa kwenye faili tofauti na ukurasa. Kubwa zaidi, mwenye duka hakuona malipo. Angetumia wiki kueleza bidhaa zake kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwa anaisoma, wala mteja hata mmoja asingeongezeka. Kwa maoni yangu hili ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata. Muundo wa data hupata watu pale msomaji anapojitokeza na kusema nitausoma, na ukinipa nitakupa kitu.

Njia za miguu, 2005–2008

Kundi jingine lilianza na mahali watu walipo. Juni 2005 Tantek Çelik na wenzake walizindua mradi wa microformats. Kanuni yao ilikuwa kwamba data iandikwe kwanza kwa ajili ya binadamu, mashine ifuate. Na kwamba mtu asibuni kitu kabla ya kwenda kutazama watu wanafanya nini tayari. HTML ilikuwa na sifa iitwayo class, ambayo wabunifu waliitumia kupaka rangi na kupanga ukurasa. Microformats iliteua majina machache ya sifa hiyo na kusema: tukubaliane yamaanishe jambo moja kila mahali. Hakukuwa na haja ya faili jipya wala programu mpya.

Wakaanza na kadi ya mawasiliano na ratiba ya matukio, kwa sababu hayo yalikuwa na viwango vya zamani vya kunakili. Bidhaa ikaja baadaye na ikawatoa jasho. Kwa desturi yao walikusanya kurasa za maduka halisi na kuorodhesha kila duka linataja nini. Katika rundo hilo walichuja sifa za hProduct, muundo wao wa bidhaa: jina, chapa, aina, maelezo, picha, kiungo, bei, namba ya utambulisho, maoni ya wateja. Katika zote hizo, iliyolazimishwa ni moja tu, jina. Nyingine ziliachwa kwa hiari, maana walikuta maduka halali kabisa yasiyotaja bei, na mengine yasiyojua chapa ya wanachouza.

Uangalifu huo ninauheshimu. Lakini kuna mahali ulipoishia. Kurasa walizozitazama zilikuwa za duka moja linalouza bidhaa zake, hivyo bei ikaandikwa kama sifa ya bidhaa, sawa na rangi au uzito. Swali ambalo wabunifu wa bakodi walilimaliza kaunta mwaka 1974 lilikuwa limefunguliwa tena, na hProduct haikupita hatua ya rasimu.

Mwaka 2008 likatokea jambo lililoitia doa njia nzima ya microformats. Ili tarehe ieleweke na mashine, walikuwa wakiificha ndani ya tagi ya ufupisho: msomaji anaona maneno ya kawaida, mashine inaona mfuatano wa tarakimu wa mwaka, mwezi, siku na saa. Wasioona hutumia programu zinazosoma skrini kwa sauti, na baadhi ya programu hizo, kama zilivyowekwa, zilisoma ule mfuatano. Mtu anayetaka kujua kipindi cha redio kinaanza lini angesomewa tarakimu moja baada ya nyingine. Juni 2008 BBC iliondoa alama hizo kwenye kurasa za vipindi vyake. Mwaka uliofuata kundi lilitoa njia mbadala, lakini wapo waliokwisha kuondoka.

Kitu, ahadi na mtoaji, 2008–2010

Wakati huo mtafiti wa Kijerumani, Martin Hepp, alikuwa ameshakaa miaka kadhaa na katalogi za viwanda, akigeuza uainishaji wa bidhaa uitwao eCl@ss kuwa msamiati ambao kompyuta inaweza kuutumia kufikiri. Alijua bidhaa zinavyoelezwa viwandani. Mwaka 2008, akiwa Chuo Kikuu cha Jeshi la Ujerumani kilicho karibu na Munich, alitoa msamiati alioupa jina la GoodRelations.

Chukua mchele wa Kyela, mfuko wa kilo 5. Duka la kwanza linauza mfuko mmoja mmoja na kupeleka ndani ya Dar es Salaam tu. Duka la pili linauza kuanzia mifuko 20, kwa bei ya chini, na linapeleka hadi Dodoma. La tatu lina bei ya sikukuu inayokwisha Jumapili. Ukiiweka bei ndani ya maelezo ya mchele, mchele mmoja unakuwa na bei tatu zinazogombana, na kompyuta inaona mojawapo ni kweli na mbili ni uongo. Hepp akasema mambo ni matatu. Yupo mtoaji, awe mtu au kampuni. Kipo kitu au huduma. Na katikati yao ipo ahadi: mtoaji fulani anaahidi kuhamisha haki fulani juu ya kitu fulani, kwa masharti fulani. Bei, kiwango cha kuanzia, eneo la kupeleka, njia za kulipa na tarehe ya mwisho vyote ni sifa za ahadi. Mchele unabaki na uzito wake na mahali ulikolimwa.

Aliposema haki, alikuwa na maana. Si kila ahadi ni ya kuuza. Anayekodisha viti na turubai za harusi, anayetengeneza friji, anayenunua vyuma chakavu, wote wana nafasi katika msamiati huo, kwa sababu kuuza, kukodisha, kutengeneza na kununua ziliwekwa kama aina za ahadi. Kwa vipimo na pesa hakubuni chochote kipya. Alichukua misimbo ya vipimo ya Umoja wa Mataifa, ambamo kilo ni KGM na lita ni LTR, na misimbo ya pesa ya ISO 4217, ambamo shilingi zetu hazichanganyiki kamwe: TZS, KES, UGX. Utata wa 45,000/= ukaisha kwa herufi tatu za mfumo uliokuwapo tangu miaka ya 1970.

Kwa mtazamo wangu huu ndio mgeuko mkubwa wa historia yote hii. Wengine waliuliza ukurasa wa bidhaa una nini. Hepp aliuliza biashara ni nini.

Bahati nayo ilimwangukia. Oktoba 2008 W3C ilipitisha RDFa, njia ya kupenyeza sentensi za RDF ndani ya HTML ileile inayosomwa na watu, hivyo faili la pembeni likawa halihitajiki. Kundi lake likatoa programu-jalizi za mifumo ya maduka, ikiwemo Magento na osCommerce, ili mwenye duka asiandike alama kwa mkono. Na msomaji aliyekuwa akingojwa tangu 1999 akatokea. Yahoo ilifungua SearchMonkey mwaka 2008, ikisoma microformats na RDFa ili kupamba matokeo ya utafutaji. Mei 2009 Google ikaanza kuonyesha nyota za maoni chini ya viungo. Mtandao wa maduka ya elektroniki ya Best Buy nchini Marekani, kwa juhudi za mhandisi Jay Myers, ukaanza kutumia GoodRelations kwenye kurasa za matawi yake, zenye saa za kufungua na bidhaa zilizorudishwa zikiwa zimefunguliwa boksi. Mwishoni mwa 2010 Google ikatangaza itasoma GoodRelations kwa ajili ya maduka.

Mwenye duka sasa alikuwa na sababu. Lakini alikuwa pia na njia tatu au nne za kuchagua. Kulikuwa na hProduct, kulikuwa na GoodRelations, kulikuwa na msamiati wa Google yenyewe, na tangu 2010 kulikuwa na Open Graph ya Facebook. Juu ya hayo, Ian Hickson, mhariri wa HTML5, alikuwa ameongeza njia yake mpya ya kuandika alama, microdata, mwaka 2009.

Tarehe 2 Juni 2011

Siku hiyo Google, Microsoft kupitia Bing, na Yahoo zilitangaza schema.org, msamiati mmoja ambao injini zote tatu zingeusoma. Aliyeusukuma ndani ya Google alikuwa Guha, yuleyule wa RDF. Yandex ya Urusi ikajiunga kabla mwaka haujaisha. Ulianza na aina 297 za vitu na sifa 187, zikiwemo za bidhaa na ofa.

Wapo waliofurahi na wapo waliokasirika. Uzinduzi ulipendelea microdata peke yake, na watu wa RDFa, waliokuwa wametumia miaka wakipitisha kiwango chao kwa utaratibu wa wazi, waliona kampuni tatu zimekaa faragha na kuamua kwa niaba ya wavuti nzima. Mmoja wao, Manu Sporny, alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti. Nawapa haki kwa sehemu kubwa: hakukuwa na mjadala wa hadhara kabla, na mwenye kushika matokeo ya utafutaji ameshika kalamu ya kiwango. Hata hivyo miaka 12 ya utaratibu wa wazi haikuwa imefikisha alama hizi kwenye duka la kawaida. Upinzani ulizaa matunda pande zote. W3C ilitoa RDFa nyepesi mwaka 2012 na schema.org ikaikubali, na kuanzia 2015 mabadiliko ya msamiati yakawa yanajadiliwa hadharani katika kundi la W3C lililoongozwa na Dan Brickley.

Kwa upande wa bidhaa, siku muhimu zaidi ilikuja Novemba 2012. Msamiati wa bidhaa wa schema.org wa mwanzo ulikuwa mwembamba, na wenyewe walilijua hilo. Wakaifuata GoodRelations wakaiingiza karibu yote: mtoaji, ofa (ndiyo ile ahadi ya Hepp), kipimo, bei ya kipimo, muda wa ofa, saa za kufungua. Kazi ya mtafiti mmoja wa chuo ikawa sehemu ya msamiati ambao injini kubwa za utafutaji duniani zinausoma. Ukiandika leo ofa ndani ya bidhaa, unafuata mgawanyo wa Hepp, ulijue jina lake usilijue.

Januari 2014 W3C ilipitisha JSON-LD, ambayo Sporny alikuwa miongoni mwa walioiasisi. Sasa maelezo yote ya bidhaa yangeweza kukaa kwenye bunda moja ndani ya ukurasa, mbali na aya na picha. Mafundi wa maduka waliipokea kwa mikono miwili, kwani mbunifu angeweza kuvunja na kujenga upya sura ya ukurasa bila kugusa data. Ila kanuni ya microformats ya binadamu kwanza ilikuwa imeachwa, na gharama yake ikaonekana. Data isiyoonwa na mtu huchakaa bila mtu kujua: bei ya kwenye ukurasa inapanda, ya kwenye bunda inabaki ya mwezi uliopita. Au inasema uongo. Kampuni zilijipa nyota tano kwenye kurasa zao, hadi Septemba 2019 Google ilipoacha kuonyesha nyota ambazo shirika au biashara ya mtaani imejipa yenyewe. Kanuni zake kwa wenye tovuti zinadai kwamba kilichoandikwa kwa ajili ya mashine kionekane pia kwa msomaji.

Namba na wavuti zakutana, 2015 hadi sasa

Mwishoni mwa 2015 Guha, Brickley na Steve Macbeth wa Microsoft walichapisha hesabu ya miaka minne. Katika sampuli ya kurasa bilioni 10, asilimia 31.3 zilikuwa na alama za schema.org, kutoka asilimia 22 mwaka mmoja nyuma. Msamiati ulikuwa umefika aina 638 na sifa 965. Tangu 2017 WooCommerce, programu inayoendesha maduka mengi madogo ya mtandaoni, huandika alama za bidhaa kwa JSON-LD yenyewe, bila mwenye duka kuomba.

Wenye bakodi nao walikuja. Mwaka 2016 GS1 ilitoa msamiati wake wa wavuti unaoshikamana na schema.org, na mwaka 2018 ikatoa kiwango kinachoigeuza namba ya bidhaa kuwa anwani ya wavuti, inayoweza kuwekwa ndani ya alama ya QR. Lengo ni mashine za kaunta duniani ziweze kusoma alama hizo kufikia mwisho wa 2027. Kitu kilichoanza kwa namba isiyobeba bei kimekutana na ukurasa uliojifunza kuiweka bei mahali pake. Umoja wa Ulaya umekwisha kuzipa alama za namna hii nguvu ya sheria: kuanzia 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme na betri kubwa za viwandani zinazouzwa huko zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali, inayofunguliwa kwa kusoma alama ya QR.

Afrika Mashariki ina maduka mengi ya mtandaoni ambayo historia hii haijayafikia. Sehemu kubwa ya biashara yetu inapita Instagram na WhatsApp, bei imo ndani ya picha, au haimo kabisa na mteja anaambiwa aulize inbox. Hakuna injini ya utafutaji itakayoikuta bidhaa hiyo kwa jina, bei na mahali. Muuzaji wa mitumba wa Gikomba ana sehemu yake katika msamiati huu, maana hali ya kitu kilichotumika ina jina lake rasmi. Fundi ana yake. Mwenye turubai za kukodisha ana yake. Vyote viko wazi, havilipiwi.

Kwa hiyo, wewe mwenye duka lenye tovuti, au unayewatengenezea wengine: fungua ukurasa wa bidhaa moja, utazame msimbo wake. Hakikisha bei imekaa ndani ya ofa na si ndani ya bidhaa. Hakikisha msimbo wa pesa ni TZS, KES au UGX, na si dola iliyoachwa na aliyetengeneza programu. Kama bidhaa ina namba inayoanza na 620 au 616, iandike yote. Bidhaa ikiisha, badilisha siku hiyohiyo useme imeisha.